Kodi ya Friza, Viti na Bidhaa: Mwongozo kwa Mwenye Biashara Ndogo Georgia

Mwenye duka la vyakula vya kwetu pale Clarkston, katika jimbo la Georgia nchini Marekani, anaijua kodi ya mauzo, maana anaipokea kila siku mkononi mwa mteja. Kodi ya mapato anaijua pia. Mwezi wa nne ukikaribia kila mtu anamtafuta mhasibu. Ya tatu ndiyo humfikia bila hodi: bahasha kutoka kaunti, inamdai kodi kwa sababu ana friza, rafu, mizani na magunia ya unga. Hajaulizwa ameuza kiasi gani, wala kama amepata faida. Anadaiwa kwa kuwa navyo. Hii ndiyo kodi ya mali za biashara zinazohamishika, kwa Kiingereza business personal property tax.

Waliokulia Kenya au Tanzania wana haki ya kushangaa. Kenya, kaunti hutoza kodi ya ardhi na ada ya kibali cha biashara. Tanzania, kodi ya majengo siku hizi hukatwa ukinunua umeme wa LUKU, na halmashauri ina ushuru wake wa huduma. Hakuna anayekuja kuhesabu viti vya saluni.

Georgia vinahesabiwa, na anayevihesabu ni wewe mwenyewe: unaorodhesha, unatia sahihi, unapeleka kaunti. Kodi nzima imejengwa juu ya orodha hiyo. Ukiwa nayo na ikawa safi, utalipa unachodaiwa. Ukiwa huna, kaunti itakutengenezea ya kwake, na sijaona bado kaunti inayokadiria kwa kumhurumia mtu.

Hatua ya kwanza: hakikisha inakuhusu

Kodi hii ni ya serikali za mitaa: kaunti, jiji na wilaya ya shule. Serikali ya shirikisho, ambayo mamlaka yake ya kodi ni IRS, haimo ndani yake. Kwa hiyo inabadilika kila unapovuka mpaka wa jimbo. Minnesota, Ohio, Pennsylvania, New York na Illinois haziitozi biashara za kawaida, na Wisconsin iliifuta kuanzia Januari 1, 2024. Ndiyo maana mtu aliyefungua duka Minneapolis au Columbus, kisha akahamia Atlanta kufuata jua na pango nafuu la nyumba, anaweza kukaa miaka miwili bila kujua ipo. Wenzake wa huko alikotoka hawakuwahi kumtajia, na hawakuwa na sababu.

Kwa wenye ndugu majimbo mengine, msibadilishane tarehe. North Carolina orodha hufungwa Januari 31. Texas ni Aprili 15. Maryland ni Aprili 15 pia, lakini fomu huenda kwenye idara ya jimbo, si kaunti. Kentucky, ambako Wakongomani wengi wa Louisville na Lexington wamefungua maduka na saluni, ni Mei 15. Georgia ni Aprili 1. Kuanzia hapa nazungumzia Georgia peke yake, isipokuwa nikisema vingine.

Ndani ya Georgia, karibu kila biashara yenye vitu vya kushikika imo. Hata kama hujasajili kampuni. Hata kama unafanyia nyumbani. Anayelea watoto nyumbani ana vitanda, meza ndogo na vifaa vya kuchezea vilivyonunuliwa kwa ajili ya kazi. Msusi aliyekodi kiti kwenye saluni ya mwenzake ana draya na mashine zake. Aliyeweka nyumba yake kwa wageni wa siku mbili tatu ana makochi, televisheni na vitanda vya biashara. Vyombo vya nyumbani kwako unavyotumia na familia yako vimesamehewa. Vikianza kukodishwa au kutumika kuingiza pesa, msamaha huo umekwisha.

Magari yenye namba za barabarani hayaandikwi kwenye fomu hii. Gari ulilonunua tangu Machi 1, 2013 lilishalipiwa kodi yake mara moja, siku ulipobadilisha umiliki.

Hatua ya pili: jua ofisi ipi hufanya nini

Watu hupoteza wiki nzima kwa kubisha mlango usio wao. Anayepanga thamani ya mali yako ni Bodi ya Wakadiriaji wa Kodi ya kaunti. Anayekutumia bili na kupokea pesa ni Kamishna wa Kodi wa kaunti, ofisi nyingine kabisa. Na wanaoamua kiwango cha kodi ni makamishna wa kaunti, bodi ya shule, na baraza la jiji kama biashara yako iko ndani ya jiji.

Ukiona thamani ni kubwa mno, kumlalamikia Kamishna wa Kodi hakutasaidia. Yeye anakusanya alichoambiwa. Ukiona kiwango kimepanda, wakadiriaji hawana la kufanya. Nenda kwenye mikutano ya hadhara ya bajeti, ambayo kwa kawaida hufanyika kiangazi. Leseni ya biashara nayo ni dirisha jingine. Kuwa nayo hakumaanishi umeshajaza fomu ya mali, ingawa mara nyingi ni kupitia leseni hiyo kaunti hugundua kwamba upo.

Hatua ya tatu: piga picha ya Januari 1

Siku moja tu huamua mwaka mzima. Ulichokuwa nacho asubuhi ya Januari 1, mahali kilipokuwa siku hiyo, ndicho cha kutozwa. Umenunua friza Januari 5? Ni ya mwaka ujao. Umeuza mashine Desemba 28 na mnunuzi ameshaichukua? Haimo, ila weka hati ya mauzo. Umeuza Februari? Kodi ya mwaka mzima ni yako, haigawanywi kwa miezi.

Ni kwa sababu hiyo wenye maduka wenye uzoefu huagiza kwa akili mwezi wa kumi na mbili. Hakuna ujanja hapo. Shehena kubwa ya Krismasi ikishauzwa, hawaharakishi kujaza stoo tena hadi mwaka uanze. Kontena la vitenge linaloweza kufika Januari 10 badala ya Desemba 27, acha lifike Januari 10.

Piga picha halisi pia, kwa simu. Zunguka duka zima, stoo na ofisi, siku ya kwanza ya mwaka au siku ya mwisho ya kazi kabla yake. Piga kila kifaa pamoja na namba yake ya kiwandani. Mkaguzi akija baada ya miaka miwili akiuliza kama mashine ya tatu ya kuoshea ilikuwepo, utashukuru.

Hatua ya nne: tengeneza orodha ya vifaa

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo pesa hupotea. Fungua daftari au programu ya majedwali, uandike kwa kila kifaa: ni nini, kilinunuliwa mwaka gani, kwa bei gani, kiko wapi. Bei inayotakiwa ni gharama kamili ya kukifikisha dukani kikiwa tayari kufanya kazi, pamoja na usafirishaji, kodi ya mauzo na ufundi wa kukifunga. Jiko la mgahawa lililonunuliwa dola 6,000, likasafirishwa kwa 400 na kufungwa kwa 900, ni jiko la 7,300 pamoja na kodi yake ya mauzo.

Jambo linalowachanganya hata baadhi ya wahasibu wetu ni uchakavu, yaani thamani ya kifaa kupungua kadri kinavyozeeka. Kwenye kodi ya mapato ya shirikisho, kifungu cha 179 kinaweza kukuruhusu kukata bei yote ya mashine mwaka ule ule ulioinunua. Vitu vidogo vya dola 2,500 au pungufu huweza kuandikwa kama matumizi ya kawaida bila kuingia kwenye orodha ya mali kabisa. Kisha mtu anaangalia vitabu vyake, anaona mali ni sifuri, anaandika sifuri kwenye fomu ya kaunti. Hapana. Kaunti haijali ulichokata IRS. Kompyuta, printa, viti na mashine ya kupokelea kadi ambavyo vitabu vya mhasibu havivioni tena, kaunti bado inaviona ilimradi vipo dukani. Na ikikukagua, hati ya kwanza itakayoomba ni jedwali la uchakavu uliloambatanisha na ritani ya shirikisho, yaani fomu yako ya kodi ya mapato. Ikikuta huko umekata friza tatu na huku umeandika moja, mazungumzo yatakuwa mafupi.

Upande wa pili kuna kosa la kinyume, linalowanyonya watu kimyakimya: vitu ambavyo havipo tena lakini bado viko kwenye orodha. Friza iliyokufa ikapelekwa jalalani. Televisheni iliyoibwa. Mashine za kahawa ulizompa shemeji alipofungua mgahawa wake. Kila mwaka fomu inarudi na jumla ile ile, na wewe unaongeza vipya bila kufuta vya zamani. Fomu ina sehemu ya kuandika vilivyoondolewa, itumie. Na usitegemee kwamba kifaa kikizeeka kitajifuta chenyewe, kwa sababu jedwali la thamani la jimbo halishuki hadi sifuri. Kifaa cha miaka 20 kinachofanya kazi bado kina thamani kidogo machoni pa kaunti.

Vifaa vya kukodi viandike kando. Mashine ya fotokopi, mashine ya barafu, mfumo wa kamera, kama ni mali ya kampuni iliyokukodisha, mwenye kudaiwa ni kampuni hiyo. Ila wewe unatakiwa kuvitaja na kumtaja mwenyewe, ili mkaguzi akiviona asidhani umevificha. Soma mkataba wako kabla ya kufurahi, kwani kampuni nyingi huweka kipengele cha kumtwisha aliyekodi gharama ya kodi hiyo. Na mkataba unaoitwa wa kukodi lakini mwishoni unakuachia kifaa kwa dola moja, huo kwa hakika ni ununuzi wa mkopo, na kifaa kihesabu chako.

Kama ulinunua biashara nzima, angalia hati ya mauzo. Tuseme ulilipa dola 60,000 kwa saluni iliyokuwa ikifanya kazi. Ndani ya pesa hiyo kuna viti, mabeseni na vioo, lakini pia kuna jina, wateja na mkataba wa pango. Kodi hii ni ya vitu vya kushikika. Hati isiyotenganisha inaweza kukufanya utozwe kana kwamba viti 6 vya saluni vina thamani ya 60,000. Mwambie mwanasheria atenganishe kabla ya kusaini. Baada ya kusaini utakuwa unabishana.

Hatua ya tano: hesabu bidhaa

Georgia hutoza bidhaa za kuuza pia, jambo ambalo majimbo kadhaa yameliacha. Unahesabu kilichokuwepo Januari 1 kwa gharama yako ya ununuzi na usafiri. Bei ya kumuuzia mteja haihusiki. Unga, mchele, samaki wa kukausha, mafuta ya mawese, mawigi, vitenge, vipuri, vyote. Ongeza pia akiba ya vitu vya matumizi ambavyo si vya kuuza: mifuko, karatasi za risiti, sabuni, makasha ya chakula. Hivi husahaulika sana, na thamani yake huwa ndogo, lakini fomu inaviuliza.

Namba unayoandika iwiane na bidhaa zilizobaki mwisho wa mwaka kwenye ritani yako ya mapato. Zikitofautiana, uwe na maelezo ya maandishi.

Kuna desturi yetu ya kuachiana mali kwa kuaminiana. Mama fulani anakuletea mikufu na vitenge vyake uvitundike dukani, ukiuza unampa pesa yake. Hivyo si vyako. Vitaje kama mali ya mtu mwingine iliyo kwenye himaya yako, pamoja na jina na anwani yake. Ukinyamaza, mkaguzi ataviona vimetundikwa na kuviweka kwenye hesabu yako, na undugu utaanza kuingia doa.

Wanaosafirisha mizigo kwenda Mombasa, Dar es Salaam au Kinshasa wasiruke aya hii. Kuna msamaha uitwao Freeport. Kaunti au jiji ambalo wapiga kura wake waliukubali linaweza kusamehe sehemu, au hata asilimia 100, ya thamani ya bidhaa zilizohifadhiwa ghalani Januari 1 zikisubiri kupelekwa nje ya Georgia. Malighafi na bidhaa za viwandani humo humo jimboni pia zina nafasi yake. Haujitokezi wenyewe: unauomba kwa fomu PT-50PF, tarehe ya mwisho ni ile ile ya Aprili 1, na uwe na hati za kuonyesha bidhaa zilikwenda wapi mwaka uliotangulia. Mizigo ya wateja wako, yale mapipa ya plastiki yaliyoandikwa majina ya watu wa Arusha na Kisumu, si mali yako hata kidogo. Iandike kuwa ya wengine.

Hatua ya sita: jaza PT-50P na uipeleke kabla ya Aprili 1

Fomu ya biashara inaitwa PT-50P. Kaunti nyingi huituma kwa posta mwanzoni mwa mwaka kwa wale wanaojulikana. Usipoipata, wajibu unabaki pale pale; ipakue kwenye tovuti ya Idara ya Mapato ya Georgia au ya kaunti. Kaunti kadhaa kubwa hupokea kwa mtandao. Ukituma kwa posta, tumia njia inayokupa risiti.

Jedwali A ni la vifaa, Jedwali B ni la bidhaa na vitu vya matumizi, Jedwali C ni la vifaa ambavyo bado vinafungwa na havijaanza kazi. Jedwali A limegawanywa katika makundi manne kwa muda ambao kifaa hutarajiwa kudumu: Kundi la 1 ni vya kudumu miaka 5 hadi 7, la 2 miaka 8 hadi 12, la 3 miaka 13 na zaidi, na la 4 ni vya miaka 4 au pungufu, kama kompyuta. Usivimwage vyote kwenye kundi moja kwa uvivu. Kompyuta iliyowekwa Kundi la 2 itaendelea kulipiwa kama friza, wakati kwenye Kundi la 4 thamani yake hushuka upesi.

Sasa msamaha mkuu. Kuanzia Januari 1, 2025, kufuatia kura ya Novemba 2024, mali ambazo jumla ya thamani yake ya soko katika kaunti moja haizidi dola 20,000 hazitozwi. Zamani kikomo kilikuwa 7,500. Wasusi wengi, walezi wa watoto na mafundi wadogo wameokoka hapo. Lakini soma vizuri: ni kikomo, na ukikivuka hata kwa dola moja, unatozwa tangu dola ya kwanza. Texas ni tofauti; kule, tangu Januari 1, 2026, dola 125,000 za thamani huondolewa kwanza na unatozwa kilichozidi. Ukisikia rafiki wa Houston anajisifu, hiyo ndiyo sababu.

Tuseme mali zako Georgia ni za 20,500, na ndani yake kuna friza mbovu iliyobaki kwenye karatasi yenye thamani ya 800. Ukiifuta kwa haki, unabaki na 19,700 na kodi inakuwa sifuri. Ukiiacha, unalipia zote 20,500. Kama kuna sababu moja ya kukaa na orodha yako jioni moja ya Januari, ni hii.

Kuwa chini ya kikomo hakukuondolei kazi ya kujaza. Anayethibitisha kwamba uko chini ni bodi, na bodi haiwezi kuthibitisha isichokiona.

Ukichelewa, kuna adhabu ya asilimia 10 ya kodi ya mali ambayo hukuiandikisha kwa wakati. Kama ulijaza mwaka jana na mwaka huu ukanyamaza, sheria inakuchukulia kwamba umerudisha mali zile zile kwa thamani ile ile. Na kama hujawahi kujaza kabisa, wakadiriaji wataangalia aina ya biashara, ukubwa wa eneo na biashara zinazofanana nawe, kisha wataandika namba. Hii ndiyo bahasha wanayoletewa wengi wetu. Isipuuzwe. Jaza fomu halisi haraka, ukiambatanisha risiti, hata kama tarehe imepita.

Hatua ya saba: fanya hesabu mwenyewe

Kaunti huchukua gharama yako ya asili, inaizidisha kwa kipimo cha mwaka na kundi la kifaa kilichotolewa na jimbo, inapata thamani ya soko. Georgia hutoza asilimia 40 tu ya thamani hiyo. Kisha kiwango huhesabiwa kwa mili, na mili moja ni dola 1 kwa kila dola 1,000 za ile asilimia 40.

Chukua duka la mfano. Vipimo na kiwango nilivyoweka ni vya kuonyesha njia tu. Vya kwako viko kwenye fomu ya mwaka husika na kwenye bili. Friza, rafu na mizani zilinunuliwa kwa dola 40,000, na kipimo tuseme 0.70, zinakuwa 28,000. Kompyuta na mashine za kadi 4,000 kwa kipimo cha 0.40 ni 1,600. Bidhaa ni 22,000, hizo hazina uchakavu. Mifuko na vitu vya matumizi ni 400. Jumla 52,000. Asilimia 40 yake ni 20,800. Kama kaunti, shule na jiji kwa pamoja wanatoza mili 45, basi 20,800 mara 45, gawanya kwa 1,000: dola 936 kwa mwaka.

Fanya hesabu hii Januari, uweke pembeni dola 78 kila mwezi. Bili itakapokuja kipupwe haitakukuta umeshanunua bidhaa za sikukuu kwa pesa yote.

Hatua ya nane: hati ya makadirio ikifika, hesabu siku

Baadaye katika mwaka utaletewa hati ya makadirio. Hiyo si bili, na kwa sababu si bili watu huitupa kwenye droo. Ukitaka kupinga thamani, una siku 45 tangu tarehe iliyoandikwa kwenye hati, si tangu siku uliyofungua bahasha. Bili ikishakuja na siku hizo zimepita, nafasi ya kubishana juu ya thamani ya mwaka huo imefungwa.

Rufaa huandikwa kwa fomu PT-311A au kwa barua, na hupelekwa kwa Bodi ya Wakadiriaji ile ile. Wasipokubaliana nawe, suala huenda Bodi ya Usawazishaji, watu 3 ambao ni wamiliki wa mali wa kaunti hiyo waliopewa mafunzo. Hapo huhitaji mwanasheria wala hulipi ada. Wanachotaka ni karatasi: risiti, picha, hati ya kuuza au kutupa kifaa, ripoti ya polisi kama kiliibwa, bei ambazo vifaa kama hivyo vinauzwa vikiwa vimetumika. Ukienda kueleza kwamba biashara ni ngumu mwaka huu watakusikiliza kwa upole, kisha watakuacha na thamani yako ile ile. Kodi hii haiangalii faida. Nenda na orodha ya vifaa, useme friza hii haipo, hii imerudiwa mara mbili, hii imewekwa kundi lisilo lake. Asiyejiamini kwa Kiingereza aulize mapema kuhusu mkalimani, asisubiri asubuhi ya kusikilizwa.

Wakati rufaa inaendelea, utaletewa bili ya muda. Ilipe. Uamuzi ukikupendelea utarudishiwa ziada.

Hatua ya tisa: lipa, kisha ukate kwenye ritani

Tarehe ya kulipa hutofautiana kwa kaunti. Nyingine zina Desemba 20, nyingine mapema zaidi, na zipo zinazoruhusu mikupuo miwili. Isome kwenye bili yako, usiulize jirani wa kaunti nyingine. Ukichelewa, riba huanza kuhesabiwa kila mwezi, na baada ya siku 120 inaongezwa adhabu ya asilimia 5, kisha 5 nyingine kila siku 120 hadi ifike asilimia 20. Mbele yake kuna hati ya kudai iitwayo fi fa, inayosajiliwa mahakamani na kushika mali zako. Benki huiona ukiomba mkopo.

Pesa hulipwa kwa Kamishna wa Kodi. Ukikwama, piga simu kabla ya tarehe, usisubiri fi fa.

Kodi hii ni gharama halali ya biashara. Kwa mfanyabiashara binafsi huingia kwenye Jedwali C la ritani ya shirikisho, mstari wa 23, pamoja na leseni. Usiichanganye na lile Jedwali C la fomu ya kaunti. Herufi zimegongana tu. Adhabu za kuchelewa usizikate.

Hatua ya kumi: ukihama, ukiuza au ukifunga

Kaunti haijui kwamba umefunga mpaka uiambie. Andika barua kwa Bodi ya Wakadiriaji ukitaja namba ya akaunti, tarehe ya kufunga, na vifaa vilikwenda wapi: viliuzwa kwa nani, vilihamishiwa kaunti gani, vilitupwa wapi. Kama ulikuwa wazi Januari 1, bili ya mwaka huo bado utaipata. Ukikaa kimya, akaunti itaendelea kuishi bila wewe, mwaka baada ya mwaka, na itabidi uthibitishe kufungwa kwa duka ambalo sasa ni la mtu mwingine anayeuza simu.

Anayenunua biashara afanye kinyume chake. Kabla ya kukabidhi pesa, piga simu ofisi ya Kamishna wa Kodi uulize kama kuna deni kwenye akaunti hiyo, kwa sababu deni hushikamana na vifaa. Lililopo likatwe kwenye bei siku ya kusaini, na mwandikishane nani analipa bili ya mwaka unaoendelea. Kisheria mwenye Januari 1 ndiye mdaiwa, lakini yeye anaweza kuwa ameshapanda ndege kurudi Nairobi, na friza ziko kwako.

Nakala za kila fomu, risiti ya posta, picha na barua, ziweke kwenye faili moja nje ya duka, kwa miaka 7.